Alichoniambia Mume Wangu Bahari Ilipochafuka

Wanawake wenzangu mtaniunga mkono. Mwanaume anaweza kukaa na siri mwaka mzima, anakula, analala, anacheka na wewe, na usione hata dalili. Ukimuuliza kuna nini, jibu ni lile lile: "Hamna kitu, uchovu tu wa kazi." Wapo wanaosema dawa yake ni chakula kizuri, wengine wanasema maneno laini ya usiku. Nilishajaribu vyote viwili. Wa kwangu alifunguka siku moja tu, tena kwa kupiga kelele, na aliyemfungua si mimi. Ni bahari ya Kunduchi.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Rafiki wa mume wangu kazini alikuwa anatusumbua siku nyingi twende kuvua kwa mshipi, tubadilishe hewa. Mume wangu hajui kuogelea, ila mbele ya rafiki yake angesemaje? Watoto tukawaacha kwa bibi yao, saa mbili asubuhi tuko ufukweni. Chombo chenyewe ni boti ya faiba yenye mashine ndogo nyuma. Tulikuwa watano: nahodha, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, kijana wake, na sisi watatu. Maboya ya kuvaa yalikuwepo ya kututosha. Mimi nililivaa langu kabla sijakanyaga boti. Wanaume wakacheka, wakayakalia ya kwao kama mito.

Tulipita kisiwa cha Mbudya bila kusimama, maana pale ni hifadhi, kuvua hairuhusiwi. Tukaenda mbele zaidi, nanga ikashuka. Jamani, kutulia kule! Bahari kama mafuta kwenye sufuria. Mimi ndiye niliyetoa changu wa kwanza, na mume wangu akapiga picha utadhani nimeleta papa. Kwa saa mbili hivi nilimwona tena yule kijana aliyenioa.

Nahodha peke yake hakufurahia utulivu ule. Kuelekea saa sita joto likazidi, hata upepo wa kupepea jasho hakuna. Miezi hiyo kusi imeshaisha, kaskazi haijashika vizuri, na mvua za vuli zinatembea. Upande wa Bagamoyo likasimama wingu jeusi, refu kwenda juu, chini yake kama pazia la kijivu. "Kunjeni mishipi," akasema. Rafiki yetu akaomba dakika kumi tu, samaki ndiyo wanaanza kula. Mzee hakumjibu. Alishika kamba ya nanga akaanza kuvuta.

Wengi tunadhani mvua ndiyo inatangulia. Kumbe ni upepo. Mvua nzito ikishuka kutoka wingu kama lile inasukuma chini hewa ya baridi, na hewa ile ikigonga maji inatawanyika kwa kasi mbele ya mvua yenyewe. Kwa hiyo ulianza ubaridi, mtamu kabisa, mtu unasema afadhali. Haikupita dakika tano, bahari yote ikawa nyeupe.

Nilidhani tutakimbilia nchi kavu. Nahodha akafanya kinyume: akageuza pua ya boti ikaelekea kule kule wimbi linakotoka, akapunguza mwendo. Baadaye alinieleza kwamba ukilipa wimbi ubavu, linakulaza. Akatuamuru tuvae maboya, tushuke tukae chini kabisa kwenye sakafu ya boti, asisimame mtu. Mashine ikanywa maji, ikakohoa, ikazima. Kijana wake akafunga madumu mawili yenye maji nusu kwenye kamba ndefu, akayatupa mbele, yakawa yanaivuta pua ibaki kwenye wimbi. Sisi tukapewa ndoo na vibakuli. "Fueni maji. Msiangalie nje, fueni maji."

Hapo ndipo mume wangu aliponivuta bega, akaweka mdomo sikioni kwangu. Upepo ulikuwa unavuma hivyo hata kelele zake zilinifikia kama mnong'ono.

"Mama watoto, nisikilize. Ukitoka wewe peke yako, hati ya kiwanja haipo kabatini. Nimeiweka kwa mkopeshaji. Milioni sita. Mwisho Januari. Usikubali wakichukue, kiwanja cha watoto kile."

Msomaji wangu, kile kiwanja nusu ya hela yake ilitoka kwenye mchezo wetu wa kila mwezi pale ofisini. Nilikaa miezi kumi bila kununua hata kitenge. Nilimwangalia. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Fua maji kwanza, baba," nikamwambia.

Dhoruba ile haikumaliza saa nzima. Ilipita kama ilivyokuja, mashine ikakaushwa plagi, tukarudi tukiwa tumelowa na kutetemeka, na samaki wachache wa kutolea ushahidi. Hakuna aliyeumia. Wakazi wa Dar na Zanzibar hatusahau Julai 18, 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitokea Dar, bahari ikiwa imechafuka. Ile ilikuwa meli. Sisi tulikuwa kwenye kiboti, na tulirudi wote watano.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Ndani ya wiki ile mume wangu alishawasimulia wenzake wimbi lilivyokuwa refu kama ghorofa na yeye alivyofua maji. Kila akisimulia, linaongezeka. Ile sehemu ya hati haikuwemo. Nilipoigusa, akaniambia, "Mke wangu, ya baharini tuyaache baharini. Pale mtu anaongea chochote."

Nikawauliza mashosti wawili. Mmoja akasema hiyo ndiyo silaha, itunze, kila akikukorofisha mtolee. Wa pili akasema nisamehe, mtu hahukumiwi kwa alichosema akiona kaburi. Wote nimewasikiliza, na wote nimewakatalia. Mimi naona maneno yale ndiyo ya kweli kuliko yote aliyoniambia mwaka ule. Mtu aliyedhani anakufa hakuomba msamaha wala hakujisafisha. Alitaka watoto wasipoteze kiwanja. Sikuona sababu ya kuyafanya fimbo, wala ya kuyazika.

Jumapili iliyofuata watoto wakiwa wamelala niliweka mezani daftari na kalamu. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Baba, pale kwenye boti yule mzee hakuuliza nani kaleta wimbi. Alitugawia kazi. Sasa andika: unadaiwa na nani, kiasi gani, lini." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaandika. Hela ilikuwa ya kumwinua mdogo wake kibiashara, biashara ikafa mwezi wa tatu, na aibu ikamziba mdomo. Tulikwenda kwa mkopeshaji wote wawili. Yeye akauza pikipiki yake, mimi sikutoa senti yangu, na riba iliyobaki akailipa kidogo kidogo. Hati imesharudi kabatini. Imani nayo inarudi, ila haina haraka, na nimemwambia hivyo bila kumficha.

Kwa nini nakuandikia haya? Kwa sababu wengi wetu tunajua rangi ya shati analopenda mume, lakini hatujui karatasi za nyumba ziko wapi. Jua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini inazungumzia nyumba mnayoishi. Kiwanja kitupu chenye jina la mtu mmoja hakitajwi na kifungu hicho. Kama mmechanga wote, majina yaandikwe yote mawili. Sisi cha kwetu tumeshaanza kukishughulikia.

Na kama mnapanga kwenda kuvua, nendeni, raha yake ipo. Sikilizeni kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, vaeni maboya mkiwa bado mchangani, na nahodha akisema kunja mshipi, kunja.

Ila usingoje dhoruba ndiyo umuulize mwenzio. Wiki hii chagua siku moja, televisheni izimwe, kila mmoja aandike anachodaiwa na anachomiliki, kisha mbadilishane karatasi. Akicheka na kusema hamna kitu, mwambie sawa, kama hamna kitu basi kuandika hakutachukua muda. Halafu mpe kalamu.