Huko China, gari halifichi kwao

Hapa mjini mtu akipaki gari kijiweni, macho ya washkaji yanakimbilia kwenye namba. Ni namba D au namba E? Wakishaona hapo wamejua gari lilisajiliwa lini, na umbeya unaanza. Lakini namba hiyohiyo haikwambii kama gari ni la Mwanza, Mbeya au la hapahapa Sinza. T ni T tu, basi.

Sasa mpenzi msomaji, nenda China uone mambo. Kule kibao cha namba hakisemi umri, kinasema kwao. Nilikwenda Guangzhou kufuata mzigo, nikiwa na mshikaji wangu aliyesoma kule. Siku ya kwanza tu alinipa somo: achana na mabango ya maduka, hutayaweza. Soma namba za magari.

Somo lenyewe halina ugumu. Mwanzo kuna alama moja ya Kichina, hiyo ni jimbo. Inafuata herufi kama hizi zetu, hiyo ni mji. Halafu zinakuja tarakimu na herufi 5 za gari lenyewe. Jimbo la Guangdong alama yake husomwa Yue. Yue A ni Guangzhou, Yue B ni Shenzhen kwa wanaofuata simu na vifaa vya umeme, Yue E ni Foshan kwa wenzangu wa vigae na makochi. Mara nyingi A ni makao makuu ya jimbo. Ukifika Yiwu, kule wanakojaza makontena vitu vidogovidogo, utaona Zhe G. Zhe ni jimbo la Zhejiang, G ni Jinhua, mji ambao Yiwu iko chini yake.

Alama nyingine zina stori zake. Shanghai, jiji la maghorofa na taa, kwenye namba huandikwa Hu. Neno hilo zamani lilikuwa jina la mtego wa samaki wa mianzi iliyochomekwa kwenye maji. Mtu wa pwani angeuona angesema huo si wando tu jamani!

Rangi nazo zinaongea. Bluu ni gari dogo la kawaida. Njano ni malori na mabasi. Kijani ni gari la umeme au la kuchanganya umeme na mafuta, na hilo lina tarakimu moja ya ziada. Ukiona kibao cheusi kinachoanza na Yue Z, hilo ni gari linalovuka mpaka kutoka Hong Kong au Macau. Chungulia ndani, mara nyingi utakuta usukani uko kulia kama kwetu.

Usidhani huo ni urembo. Kile kipande cha bati kinakufungulia njia, na kinakufungia pia. Shanghai namba inauzwa kwa mnada kila mwezi, na bei yake inacheza kwenye yuan 90,000. Hapo ni bati tu, gari bado! Hela hiyo inanunua gari dogo jipya la umeme na chenji inabaki. Asiye na mshiko anachukua Hu C, ya bei poa, lakini haruhusiwi kuingia nayo katikati ya jiji.

Beijing wao tangu 2011 wanacheza bahati nasibu. Unajiandikisha, unasubiri, mwaka unapita, mwingine unapita, patupu. Mambo yamefika mahali watu wanafunga ndoa za bandia ili namba ihame kutoka kwa "mume" kwenda kwa "mke", halafu wanaachana. Polisi wa Beijing waliwahi kuukamata mtandao wa kazi hiyo. Na mwenye namba ya mkoani? Kuanzia Novemba 2019 aliwekewa vibali 12 kwa mwaka, kila kimoja cha siku 7. Vikiisha, gari libaki nje ya mji.

Guangzhou nako kuna yake. Mwaka 2018 walianzisha sheria kwamba gari la namba ya nje lisitembee katikati ya jiji zaidi ya siku 4 mfululizo, kisha likae pembeni siku 4. Sasa sisi tulikuwa na miadi ya asubuhi Foshan, kontena linafungwa keshokutwa yake. Likaja gari dogo la kukodi, jamaa mcheshi, bei nzuri. Mshikaji wangu hata mlango hakugusa. Alizunguka nyuma, akaona alama ya Hunan, akamuuliza dereva ameingia lini jijini. Jamaa akacheka, akahesabu vidole: leo ni siku ya nne. Kwenda angetupeleka, je, kesho mizunguko ya mwisho ya mzigo? Tukashukuru, tukatafuta Yue A. Mzigo uliwahi.

Lakini namba hiyohiyo iliwahi kuwatesa watu. Mwanzoni mwa 2020, korona ilipolipuka Wuhan, magari ya jimbo la Hubei yalikimbiwa kama ukoma. Alama ya Hubei husomwa E, na ukiweka A mbele yake ni Wuhan yenyewe. Walikuwapo madereva wa malori ambao hawakuwa wamefika nyumbani siku nyingi, ila kibao kilisema Hubei. Wakazuiwa kushuka barabara kuu, wakanyimwa pa kulala, wakaishi ndani ya kabini kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana nakwambia, bati linajua gari lilikosajiliwa. Dereva ametoka wapi jana na ana roho gani, hilo bati halijui, mpaka umuulize mwenyewe. Mshikaji wangu aliyafanya yote mawili: alisoma, halafu akauliza. Wewe unayefunga begi kwenda kutafuta maisha kule, fanya hivyohivyo.