Santuri za baba nilizitupa mwenyewe

Mpenzi msomaji, je, nyumbani kwenu kuna santuri kuukuu? Kabla hujazitupa, nisikilize.

Majuzi nilihudhuria kongamano la wasomi wa historia ya muziki wa Afrika Mashariki jijini Nairobi. Nilienda kutafuta habari tu, na asubuhi nzima nilipambana na usingizi. Kisha mhadhiri mmoja akatuchezea wimbo uitwao Chemirocha. Wasichana wa Kipsigis waliuimba huko Kapkatet mwaka wa 1950, Hugh Tracey akiwanasa sauti. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwa santuri tu! Ukumbi ulitulia tuli.

Wimbo huo ungali hai kwa sababu Tracey aliuhifadhi katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka wa 1954.

Wakati wa chai, mzee mmoja aliniuliza baba yangu alipenda nyimbo zipi. Niliona haya. Marehemu alituachia sanduku zima la santuri. Tulipohama nyumba, nilimpa mnunuzi wa vyuma vikuukuu sanduku hilo pamoja na redio mbovu. Hata majina ya waimbaji sikuyasoma.

"Basi andika unayoyakumbuka, mwanangu," akasema.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamwomba aniimbie wimbo alioupenda baba. Aliimba beti mbili, wa tatu ukamponyoka. Huo wa tatu niliutupa mimi.

Msomaji, usiwangoje wasomi. Waulize wazee wako leo, kalamu mkononi.