Sasa Naendesha Nikiwa na Buti Zangu

Mguu wangu ni namba 12, na buti ninazovaa shambani Njoro zina soli yenye upana wa sentimita 12. Kwa miaka mingi buti hizo zilisafiri kwenye kiti cha abiria, ndani ya gunia, nami nikiendesha bagi langu miguu mitupu. Nikifika shambani navaa, nikitoka navua, hata matope ya Aprili yakiwa yamenifika magotini. Majirani walizoea. Watoto wa shule niliyowahi kufundisha walinipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Bagi lenyewe nililinunua kwa mkulima wa Rongai aliyekuwa akihama. Chini ni chesisi ya Volkswagen Beetle, juu ni bodi ya faibaglasi, nyuma ni injini inayopozwa kwa hewa. Magari ya namna hii yalianzia California, Marekani, ambako fundi wa mashua aitwaye Bruce Meyers alitoa Meyers Manx la kwanza mwaka 1964. Mwaka 1967 Manx lilishinda Mexican 1000, mbio za jangwani kule Baja California, na baada ya hapo likaigwa kila pembe ya dunia. Mnunuzi anauziwa bodi na vipande vyake. Anatafuta Volkswagen kuukuu, anaikata chesisi zaidi ya sentimita 35 ili iwe fupi, kisha anajiundia mwenyewe nyumbani.

Ufupi huo ndio unaolifanya gari liruke mitaro ya shamba bila kukwama. Ila una gharama yake. Chesisi ikifupishwa, ukuta wa nyuma ya kiti unasogea mbele, na mtu mrefu anajikuta magoti yamepanda hadi kwenye usukani. Huko mbele, ukuta wa bodi unaingia ndani ili kulipisha tairi. Katika gari la usukani wa kulia kama letu, klachi, breki na mafuta zinabaki zimebanana kati ya ukuta huo wa kulia na lile handaki la katikati ya chesisi linalopitisha kebo ya klachi. Mguu wa kushoto hauna pa kupumzika. Wa kulia, ukiwa ndani ya buti, unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja.

Meyers aliwaundia watu wa ufukweni, wanaoshuka kwenye mchanga na malapa. Njoro haina ufuo. Wala si bagi peke yake lenye ubanaji huu: Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyotoka Uingereza mwaka 1957 na ambayo kampuni ya Caterham huiunda hadi leo, ni nyembamba penye pedali kiasi kwamba wenye nayo hununua viatu maalumu vya kuendeshea. Sina neno nao. Mimi navuna viazi.

Mabadiliko yalianzia Karagita, kando ya Ziwa Naivasha. Bodi ilikuwa imepasuka, nikaipeleka kwa kijana anayekarabati mashua za watalii, kwa kuwa faibaglasi ni faibaglasi. Akanitazama nikishuka.

"Mwalimu, mbona unavua viatu kama unaingia msikitini?"

Nikamweleza kwamba gari halipokei buti. Akagonga ule ukuta wa kulia kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akasema, "Huu si chuma, Mwalimu. Huu tunaukata."

Sikuwahi kuliwaza hilo. Niliichukulia bodi kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa na watu wa mbali, na kazi yangu ilikuwa kujikunja ndani yake. Yeye aliiona kama mashua yoyote iliyoletwa gatini: mahali panapobana panapanuliwa.

Tulianza na kiti, maana ndicho rahisi kuliko vyote. Tulitoa sponji nene ya mgongoni tukaweka nyembamba, na magoti yakashuka papo hapo. Kisha tukaugeukia ule ukuta wa kulia. Kabla ya kukata, tulizungusha usukani hadi mwisho kulia, tukaona tairi linafika wapi. Tukapakia magunia ya mchanga ili springi zikae chini, tukazungusha tena. Hatua hii usiiruke hata fundi akikuharakisha, kwa sababu tairi likikwaruza ukuta mpya kwenye kona, nafasi uliyoipata haina faida. Tulipojua mpaka wetu, tukachora kwa kadibodi, tukakata kwa grainda tukiwa tumefunga pua na mdomo, maana vumbi la faibaglasi ni baya kwa mapafu. Akajenga kisanduku kilichotokeza nje kwa tabaka za mkeka wa faibaglasi na risini. Asubuhi ilikuwa na baridi na risini haikutaka kukauka, tukangoja jua.

Pedali ya mafuta tuliisogeza kulia, ndani ya nafasi mpya. Uso wa klachi tuliupunguza upande wa kushoto, na kwenye ubavu wa handaki tukafunga kibao cha mteremko cha kupumzishia mguu. Fundi alitaka kuupunguza uso wa breki pia. Hapo tulibishana, na nikashinda. Breki haikukatwa wala kuchomelewa. Mguu wenye matope unahitaji uso mpana wa kukanyaga, na chuma cha breki kilichochomelewa vibaya hakikupi onyo kabla ya kukatika.

Mwisho tulirekebisha mchezo wa pedali. Klachi ya Beetle hutakiwa kuwa na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuachia. Kijiti kinachosukuma masta silinda ya breki nacho huachiwa nafasi ya kama milimita moja. Ukikibana, breki zinabaki zimeshika na kupata moto. Jaribio la kwanza lilikuwa injini ikiwa imezimwa, buti zimechovywa kwenye matope, nakanyaga breki kwa nguvu zote huku kijana amelala ubavu akitazama soli yangu.

Leo, magoti yakiwa yameshuka, nyonga hainiumi tena nikitoka safari ya Mau Narok. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, nilikwenda Elementaita bila buti kutazama magari yakipita Soysambu, nikarudi na nyayo zilizochubuliwa na mawe ya volkano na miiba. Siku hizi naegesha mbali na watu, nashuka na buti, natembea. Mama watoto ndiye ameambulia hasara: sponji ilivyopungua, miguu yake haifiki kwenye pedali, na analazimika kubeba mto. "Umelipima gari kwa mguu wako," aliniambia, "wangu je?" Ana haki. Kiti cha kusogezwa ndicho kinachofuata.

Ukienda kununua bagi, liwe la Nakuru au la Mombasa, vaa buti zako za kazi kabla hujatoka nyumbani. Keti, kanyaga breki kwa nguvu, kisha mwombe mtu atazame kama soli imegusa pedali ya mafuta. Ikigusa, usiliwashe. Tafuta kwanza fundi wa mashua.