Benchi Lilitufundisha Kuaga

Katika baa ya mtaani kwetu Runyenjes, kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, benchi la mwisho liko nje, kati ya kreti tupu na mlango wa choo. Ni la mbao za muuru, ule mti wa mashariki ya Mlima Kenya ambao wauzaji wa fanicha huuita Meru oak. Zamani yalikuwa manane, mawili kwa kila meza. Leo ndani kuna sofa nyekundu, taa za zambarau, runinga tatu, na ukuta uliochorwa mabawa ili watu wapige picha. Baa imegeuka lounge. Ukienda Nkubu au Maua utakuta lounge hiyo hiyo, ni kama fundi alikuwa mmoja.

Mimi mwenyewe sinywi sana. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipotushinda, na tangu hapo nawaandikia watu makala mtandaoni. Nyumbani stima hupotea ikitaka. Kwa hivyo saa kumi na moja jioni, ule wakati ambao sheria ya 2010, ile ya Mututho, inaruhusu baa kufunguliwa siku za kazi, mimi ndiye huingia wa kwanza na laptopu yangu. Naagiza soda moja na kuikalia saa tatu.

Guka wangu alizaliwa wakati Mwafrika hakuruhusiwa bia ya chupa. Ruhusa ilikuja 1947. Muratina ya asali nayo ilikuwa ya wazee. Kijana aliionja kwa kuruhusiwa tu. Basi kwa kizazi chake, kuketi benchi moja na mwalimu na karani, chupa iko mbele yako, pesa ni yako, ilikuwa ni kuhesabiwa mtu.

Benchi lina tabia zake. Halina mikono ya kukutenga na mwenzako. Akija mnene, mnasogea. Na watu wawili wakikaa huku na huku mwishoni, mmoja akiinuka ghafla, mwingine anaanguka na kinywaji chake. Ndiyo maana kila aliyetaka kuondoka alisema kwanza: "Jamani, mimi naenda." Wenzake wakajishika. Hakuna aliyetoka pale bila kujulikana ametoka, saa ngapi, na amelewa kiasi gani. Asipoonekana siku mbili, mtu alitumwa kwao. Karo yangu ya muhula wa kwanza, sehemu kubwa ilichangwa kwenye mabenchi hayo, kofia ikipita mkono kwa mkono.

Mwaka 2004 kegi ya Senator ilikuja, bia ya bei nafuu ambayo baadaye ilitengenezewa mtama, na wakulima wa Mbeere na Tharaka wakapata mnunuzi. Pamoja na kegi vikaja viti vya plastiki, na kaunta ikawekewa wavu wa chuma. Kisha Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli ikaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Embu iliumia vibaya. Jirani yetu mmoja, aliyezoea mwisho wa benchi la dirishani, alipoteza macho. Hakunywa pale kwetu. Alikunywa kwingine, peke yake, siku ambayo hakuwa na pesa ya kukaa na wenzake.

Mabenchi yenyewe yaliondolewa na korona. Machi 2020 serikali ilifunga baa zote. Zilipofunguliwa mwishoni mwa Septemba, watu walitakiwa kukaa mbalimbali, na benchi halijui kukaa mbalimbali. Yakatolewa nje kwa muda, tukaambiwa. Saba yakaishia kuwa kuni za nyama choma.

Dada yangu hataki kabisa kusikia nikilia haya. "Hizo benchi zenu mlikalia nyinyi wanaume," aliniambia. "Mathe alikuwa anasimama nje kwa baridi, anatuma mtoto amwite baba." Mtoto huyo nilikuwa mimi. Leo dada huja Ijumaa na marafiki zake, wanakaa kwenye sofa, wanalipa kwa M-Pesa, na hakuna anayewauliza wao ni wake za nani. Zamani mwanamke ndani ya baa alikuwa mhudumu, au alikuwa anasengenywa. Hapo sina la kumjibu.

Ila wazee wa benchi hawakuhamia sofa. Bei ya sofa ni nyingine. Wako nyuma ya stendi, kwenye kibanda cha kegi, wanapitisha hamsini kwenye tundu la wavu na kunywa wakiwa wima. Ukikosa wiki nzima, wavu hauulizi. Hilo ndilo linaloniogopesha, zaidi ya muziki wa juu na mabawa ya ukutani. Yule jirani hakuangamizwa na ukosefu wa sofa wala wingi wake. Alikuwa mahali ambapo hakukuwa na wa kumwambia, "Hiyo usinywe."

Sitaki mama yeyote arudishwe kusimama kwenye baridi ili mimi nipate benchi. Nimechagua kitu kidogo ninachokiweza. Nikifunga laptopu, napita sofa kwa sofa nikisema, "Jamani, mimi naenda." Wengine huinua macho kutoka kwenye simu, wanaduwaa. Siku ya kwanza mhudumu alidhani naitisha bili. Kibandani nako napita, nawasalimu wazee, nawaaga.

Mwezi uliopita homa ilinilaza siku tatu. Niliporudi, mhudumu alikuja na soda kabla sijaagiza. "Wewe," akasema, "ulipotelea wapi? Dada yako nimemuuliza mara mbili."