Mkwaruzo Usiofutwa

Kwa fundi wa kurekodi sauti, adui wa kwanza ni mkwaruzo. Waya uliolegea, spika iliyopasuka, feni ya chumba cha pili: vyote huwindwa mpaka vinyamaze. Ndiyo maana ilimba, ala ya vyuma ya Wagogo wa Dodoma, humtia majaribuni fundi mgeni. Kwenye kisanduku chake kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo umewekwa makusudi, ili kila chuma kinapobonyezwa mlio utoke na mvumo kama wa nyuki mzingani. Vyuma vingine havibonyezwi kabisa. Kazi yao ni kuitikia wenzao.

Mwandishi wa makala haya amekula mkate wake kwa kazi ya kurekodi, Dodoma mjini na vijijini, tangu enzi za kaseti. Kaseti ya dakika 90 ilikuwa na dakika 45 kila upande, lakini hakuna kikundi cha Ugogo kilichowahi kumuuliza zimebaki ngapi. Wimbo uliisha wenyewe wakiridhika. Basi fundi akajifunza kuvizia: kiongozi akishusha pumzi na waitikiaji wakishika zamu, kidole kinabonyeza, kaseti inageuzwa, mkanda unaendelea.

Waliomtangulia walibanwa zaidi. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Ugogo mwaka 1950 akirekodi, santuri za mizunguko 78 zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Leo kadi ndogo kama ukucha hubeba ngoma ya usiku kucha, na shida imehamia kwingine: nani atakaa aisikilize yote?

Fundi huyu hukaa. Baada ya tamasha la muziki wa Wagogo la Chamwino, lililoasisiwa na Kedmon Mapana, hujifungia na hedifoni. Kwanza hukutana na upepo, maana kiangazi cha uwanda wa kati hupuliza vumbi hata ndani ya sifongo ya maiki. Kisha huja muziki, nao si ule alioukumbuka. Uwanjani jicho humfuata kiongozi wa wimbo. Kwenye hedifoni jicho halina kazi, na mambo hubadilika. Katika muheme, ngoma ya wanawake wanaopiga wakiwa wameibana miguuni, mpigaji mmoja wa pembeni hubadilisha pigo bila kutazamwa na mtu. Baada ya mizunguko michache kundi zima limeshamfuata, kiongozi akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyepanga. Fundi hurudisha nyuma, husikiliza tena, huandika dakika na sekunde.

Hapo ndipo kishawishi cha kusafisha kinapozidi. Prodyuza mmoja kijana aliwahi kumshauri azipitishe sauti hizo kwenye programu ya kunyoosha tuni. Ushauri wenye nia njema, ila Wagogo hawakuipata ngazi yao ya sauti kwenye kinanda. Sauti zake hufuata zile zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi mmoja unaotetemeka. Ile ya saba katika mfuatano huo huwa chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Programu huiona ni kosa na kuipandisha, na wimbo hubaki umenyooka bila Ugogo ndani yake.

Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doda mkoani Dodoma, aliupeleka mlio huo ughaibuni kama ulivyo. Albamu yake Chibite ilitolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996. Alifariki mwaka 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa Maisha, wakiongoza wao wenyewe nyimbo ambazo kwa desturi wanawake wa familia walikuwa wakiitikia.

Rekodi ikishakamilika, fundi huirudisha kijijini. Redio huhitaji dakika nne; wenyewe hutaka yote, pamoja na mbuzi aliyelia katikati. Safari moja aliweka spika chini ya mbuyu, akaamkia, “Mbukwenyi,” akawasha. Akina mama wa muheme walisikiliza kwa makini, wakatazamana, wakaanza kubishana nani alichelewa kuingia. Kisha mkubwa wao akanyoosha mkono.

“Huyo kiongozi mpunguze kidogo, fundi, tunamjua. Ngoma hizo ziongeze.”

Kiongozi mwenyewe, aliyeketi hapo hapo, alicheka kuliko wote. Fundi akapunguza.