Viti vitupu, tumbo limejaa: safari yetu ya Goma hadi Kinshasa

Wiki hii ukurasa wa safari ni wetu. Wengi kati yenu mmetuuliza habari za ile safari ya Septemba 2020, wakati chama kilitutuma sisi wawili Kinshasa. Wengine wamesema kwamba tulisafiri kama mawaziri, ndege nzima ikiwa yetu. Tunawaeleza ilivyokuwa, kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo mama mchuuzi anapaswa kuyajua.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Tarehe 24 Machi 2020 Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura juu ya ugonjwa wa Korona, na safari za abiria kati ya Kinshasa na majimbo zikasimama. Ndege za freti ziliendelea, watu wakabaki. Viwanja vilifunguliwa tena tarehe 15 Agosti. Ilikuwa karibu miezi mitano.

Mtu wa nchi yenye barabara nzuri anaweza kusema, basi mngepanda basi. Ninyi mnajua kwamba basi hilo halipo. Kati ya Goma na Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya angani. Anayetaka kufuata ardhi afike kwanza Kisangani, na barabara ile tunaijua, kwa matope yake na kwa usalama wake. Akifika hapo, mto unamngojea kwa kilomita zaidi ya 1,700 mpaka Kinshasa, na mashua haina haraka. Kwetu ndege ndiyo iliyokuwa barabara. Ilipofungwa, mama wa Goma na mama wa Kinshasa wakawa kama watu wa nchi mbili.

Chama chetu kilikuwa na jambo huko. Mwanzoni mwa Machi tulikuwa tumetuma fromaji ya Masisi na magunia ya maharagwe kwa wauzaji wawili, tukiamini kwamba mmoja wetu angeenda mwisho wa mwezi kupokea pesa, kama kawaida. Hakuenda mtu. Tulipiga simu, tukaambiwa kesho, kisha wiki kesho. Mzigo unaweza kupanda ndege ya freti, lakini deni halipandi ndege lenyewe. Shule zilitangazwa kufunguliwa tarehe 12 Oktoba, na wamama ishirini na wanne waliokuwa wametoa mali yao walihitaji madaftari, viatu na yuniformu za watoto. Mkutano ulikaa mara mbili. Tiketi moja ilikuwa na bei ya magunia mengi, na sanduku la chama lilitosha tiketi mbili tu. Wengine walisema pesa hizo ziliwe kuliko kutupwa angani. Mwishowe tulipigiwa kura, tukaenda na fromaji mpya pamoja na magunia manne ya maharagwe ili safari isiende bure.

Siku mbili mbele ya safari, kijana wa ajansi alitutia hofu. Alisema, "Mama, abiria ni wachache. Inawezekana waiunganishe na ndege ya siku ingine." Ndipo tulipojifunza kwamba kununua tiketi na kuruka ni mambo mawili. Kampuni ikiona watu ni kidogo, inaweza kuahirisha safari na kuwakusanya watu siku moja. Usiku ule hatukulala vizuri. Fromaji ya Masisi ni ngumu, inavumilia, lakini haivumilii milele.

Asubuhi chukudu mbili zilileta mizigo yetu mpaka karibu na uwanja, na kutoka hapo vijana wakabeba. Mlangoni tulinawa mikono na kupimwa joto. Mambo hayo hayakutushangaza sisi watu wa Kivu ya Kaskazini. Ebola ilikuwa imetufundisha tangu Agosti 2018, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni mwaka ule wa 2020. Kilichokuwa kipya ni kashene puani na ule ukimya. Mnajua uwanja wa Goma ulivyokuwa siku za kawaida: masanduku yaliyofungwa kamba, watoto wanalia, watu wa familia wanaosindikiza wakiwa wengi kuliko wanaosafiri. Siku ile tulilipa Go-Pass bila kusukumwa na mtu. Viti vya kungojea vilikuwa vyetu, na muuza maji alitupitia mara tatu kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumpitia.

Tulihesabu abiria. Tulikuwa tisa: sisi wawili, mzee mmoja na mke wake, wanafunzi watatu, askari mmoja na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Ndege ilikuwa na viti zaidi ya mia moja.

Tulipoingia, tulifanya kama mtu yeyote angefanya. Mmoja alikaa kwenye dirisha la kushoto, mwingine la kulia. Wanafunzi walikimbilia nyuma kabisa wakalale. Kabla mlango haujafungwa, mhudumu wa ndege alikuja akatuomba sote tukae mbele, katika mistari aliyotuonyesha. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Viti vyote hivi vitupu, kwa nini tubanane?" Mhudumu akamjibu kwa upole kwamba mzigo mwingi umewekwa nyuma chini, na rubani amekwisha kupiga hesabu ya uzito. Ndege ni kama mzani wa sokoni. Ikijaa watu, uzito wao umetapakaa mahali pote. Watu wakiwa wachache, kila mmoja anapokaa panaonekana katika hesabu ile, hasa wakati wa kuinuka na wakati wa kutua. Ikiwa hewani na taa ya mikanda imezimika, unaweza kuomba ruhusa ubadili kiti.

Tulidhani ndege itapaa mara moja kama karatasi, maana haina watu. Haikuwa hivyo. Ilikimbia sana juu ya ile njia ambayo sehemu yake ilifunikwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002, ikatikisika, ikanguruma, na iliinuka tukiona ziwa liko karibu. Mke wa yule mzee alishika mkono wa mume wake. Ndipo mmoja wetu akasema, "Hii ndege si tupu." Kweli haikuwa tupu. Chini ya miguu yetu kulikuwa na viazi, vitunguu, maharagwe na fromaji, magunia ya watu tuliowaona kwa macho mahali pa kupimia kilo. Jasho la wamama wa Masisi na Rutshuru lilijaza tumbo la ndege, wakati viti vya wamama wenyewe vilikuwa havina mtu.

Jambo hilo lilitukaa moyoni njia yote. Miezi mitano mali yetu ilikuwa imeruhusiwa kusafiri, na sisi hapana. Mali isiyo na mwenyewe inapangiwa bei na wengine.

Hewani kulikuwa baridi kuliko tulivyozoea, au labda ni kwamba hakukuwa na bega la jirani. Tuliziona mistari ya viti, kila mkanda umekunjwa sawasawa. Hakuna aliyefungua chakula cha nyumbani, hakuna aliyeomba kupita. Mtoto wa yule mama peke yake ndiye aliyefurahi: alitembea kutoka kiti mpaka kiti akigonga kila kimoja, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba zilizohamwa. Chini kulikuwa na pori, pori tupu, kijani mpaka mwisho wa macho. Mawingu yalipotushika, ndege iliruka-ruka, na sote tukawa wakimya.

Tulitua Kisangani, kwenye uwanja wa Bangoka. Mlango ulipofunguliwa joto liliingia kama moshi wa jikoni. Wanafunzi wawili walishuka, watu sita wakapanda. Mjini Kisangani Kiswahili chetu na Lingala hukutana, na hata ndani ya ndege tulisikia mkutano huo: mpaka hapo tulikuwa tumesalimiana "jambo", kuanzia hapo ikawa "mbote". Mama mmoja wa Kisangani alikaa mstari wa mbele yetu. Alikuwa anaenda kumwona binti yake aliyezaa mwezi wa Mei. Mjukuu alikuwa na miezi minne na yeye hajamshika hata siku moja. Alituambia hayo akiangalia dirishani. Tangu wakati huo, kila tulipoona kiti kitupu tulijiuliza ni bibi gani alikosa pesa ya kukikalia.

Kwa maana bei haikushuka. Kuna wanaofikiri kwamba ndege ikikosa watu, tiketi itakuwa rahisi. Mafuta ya ndege, mishahara ya rubani na wahudumu, kodi za uwanja, vyote vinalipwa hata kama abiria ni mmoja. Wachache wanabeba mzigo wa wengi wasiokuja.

Basi kwa nini ndege iruke na watu tisa? Jibu tulilipata siku ya kurudi. Kutoka Kinshasa kwenda Goma hakukuwa na kiti hata kimoja. Watu waliokuwa wamekwama huko tangu Machi walikuwa wanarudi kwao, watoto wanarudi shuleni, wagonjwa waliokwenda kutibiwa wanarudi kwa familia. Kwenda Kinshasa, ambako ugonjwa ulikuwa umeanzia katika nchi yetu, watu waliogopa. Ndege iliyoleta watu wengi Goma haiwezi kulala Goma. Ni lazima irudi kuchukua wengine, na inaporudi inategemea freti yetu ili isipate hasara kubwa. Wamama, mlisikie hilo vizuri: mwezi ule magunia yetu yalisaidia kurudisha watoto wa watu nyumbani.

Dunia nzima ilipita katika hali hiyo. Mwaka 2019 abiria wa ndege walikuwa kama bilioni 4.5, na mwaka 2020 walishuka mpaka kama bilioni 1.8. Kampuni nyingine zilipakia masanduku ya dawa na barakoa juu ya viti vya abiria. Ulaya ilikuwa na kanuni kwamba kampuni isiyotumia nafasi zake za kutua angalau asilimia 80 inaweza kuzipoteza, ndiyo maana ndege nyingine ziliruka tupu mpaka kanuni ilipolegezwa. Mama mmoja wa chama chetu aliyesafiri Ubelgiji mwaka 2021 kumsaidia binti yake anatuambia kwamba alinyoosha miguu juu ya viti vitatu usiku mzima, lakini usingizi haukuja. Amezoea kulala akisikia watu.

Kinshasa tulitua saa zetu zikionyesha saa kumi, na kumbe huko ilikuwa saa tisa tu. Tulilala kwa dada yetu mmoja wa Kivu, Masina, karibu na soko la Liberte. Muuzaji wa kwanza alipotuona mlangoni alinyamaza kidogo, kisha akaita mke wake alete viti. Alilipa yote siku ya tatu. Wa pili alilipa nusu, akaandika karatasi mbele ya mashahidi kwa ile nusu nyingine, na mpaka Desemba alikuwa amemaliza. Katika simu alikuwa na maneno mengi. Uso kwa uso alikuwa mtu mwema aliyekosa wateja kama sisi. Fromaji mpya iliisha kwa siku nne. Tuliporudi, kila mama alipata fungu lake mbele ya tarehe 12 Oktoba, na hesabu yote iko katika daftari la chama, anayetaka anaweza kuisoma.

Sasa mashauri kwa atakayesafiri wakati watu ni wachache:

Piga simu ajansi jioni ya siku inayotangulia, na tena asubuhi. Ndege ya watu wachache inaweza kuhamishwa siku.

Usichelewe ukisema hakuna foleni. Pasipo foleni kupanda kunaisha upesi, na mlango unafungwa.

Kaa mahali ulipoonyeshwa mpaka uruhusiwe kuhama, hata ukiona dirisha zuri.

Funga mkanda njia yote. Ndege nyepesi inasikia upepo zaidi.

Uliza bei ya kilo za freti kabla ya kufunga magunia, na uhakikishe mzigo wako uko katika ndege ile ile unayopanda.

Beba chakula kidogo na nguo ya kujifunika. Na ukiona mzee au mama mwenye mtoto amekaa peke yake kati ya viti vitupu, msogelee kama inaruhusiwa, mzungumze.

Mashauri haya yanaweza kukatwa na kuwekwa ndani ya kitambulisho au daftari. Tunawatakia wiki njema, mauzo mazuri na safari za amani. Wiki kesho mama wengine wa chama watatupeleka Idjwi kwa mashua, na tumesikia kwamba mashua hiyo haikuwa na nafasi hata ya kuku.