Mguu Unaobaki Chini

Anayeitazama baleti kwa mara ya kwanza huufuata mguu ulio hewani. Mimi pia ndio ulionivuta. Lakini kadiri nilivyoingia kwenye hatua ngumu, ndivyo macho yangu yalivyozidi kushuka hadi kwenye mguu uliobaki chini.

Chukua fuete. Mchezaji huzunguka juu ya mguu mmoja huku mwingine ukifyatuka pembeni na kurudi gotini. Mwaka 1895, huko Saint Petersburg, Mwitalia Pierina Legnani alizunguka hivyo mara 32 mfululizo katika baleti ya Swan Lake, na mpaka leo watazamaji huhesabu mizunguko hiyo. Wanachokisahau ni kwamba kila mzunguko mguu wa chini hukunja goti, hunyooka, humpandisha mchezaji hadi kwenye ncha za vidole, kisha humshusha. Kukunja goti huko ndiko plie, somo analopewa mtoto siku ya kwanza.

Hapa mtaani kwetu Makoko nafanyia mazoezi sebuleni, nimeshika ukingo wa dirisha. Sakafu ni saruji tupu, kwa hiyo siruki. Kishindo chote kingeishia kwenye magoti na miundi. Napanda na kushuka taratibu. Binti wa kaka yangu hukaa mlangoni akingoja vituko.

“Shangazi, leo tena huzunguki?”

“Sizunguki, mama. Njoo unishike kiuno, uniambie kama nyonga inapanda.”

Anaweka viganja. “Huku imepanda.”

Kweli imepanda. Mguu ulionyanyuliwa umekwenda juu kwa kuiba nyonga, na kwa mbali ungeonekana mzuri tu. Ndivyo ilivyo pia katika kugeuza miguu nje: kazi hiyo ni ya nyonga, na anayelazimisha nyayo zigeuke hulipotosha goti. Leo atapigiwa makofi, kesho goti litadai.

Joel Kioko, kijana wa Kuwinda, Nairobi, alianzia baleti katika chumba cha darasa cha kawaida hadi akafika London kusoma katika shule ya English National Ballet. Kibera nako, Mike Wamaya amewafundisha watoto katika darasa ambalo madawati husogezwa kwanza ili ipatikane nafasi. Habari kama hizi husimuliwa haraka haraka, kutoka mtaani hadi jukwaani, na inaniuma. Ningependa tukae zaidi kwenye darasa lile, pamoja na mwalimu anayerudi tena kusahihisha goti lile lile, maana hapo ndipo mchezaji anapopatikana.

Na ndipo ninapomfikiria dada yangu mkubwa. Ada yangu ya mafunzo ilitoka mwaloni, kwa dagaa aliokuwa akiwaanika na kuwageuza juani. Watu waliniona mimi nikisafiri. Yeye hawakumuuliza kitu. Sasa nikisikia mtoto wa mtu anasifiwa, huuliza nyumbani kabaki nani, na kama amepumzika.

Huyu binti wa kaka yangu ana miaka tisa na anataka viatu vya kusimamia ncha. Mifupa ya nyayo zake bado haijakomaa. Ananuna, anasema namwonea wivu. Hata hivyo sitamnunulia mpaka akue kidogo, na aweze kupanda na kushuka kwa mguu mmoja bila kifundo kuyumba.